Upinzani ukiingia ikulu, raia anabaki wapi? Fundisho kutoka Zambia



Tarehe 31 mwezi wa kumi 1991, wanainchi wa Zambia walisimama kwa mustari, wakapiga kura, wakamutosha raisi mwenye alikuwa ametawala myaka 27. Kenneth Kaunda, baba wa uhuru wao, alipata karibu kura 24 kwa 100. Frederick Chiluba, mutu wa sendika, alipata karibu 76. Chama chake, MMD, kilichukua viti 125 vya bunge juu ya 150. Chama hicho kilikuwa na miezi 15 tu tangu kianze! Kaunda alikubali kushindwa, na tarehe 2 mwezi wa kumi na moja Chiluba alikula kiapo. Kiti kilibadilika mwenyewe bila vita.

Inchi hiyo si mbali na sisi. Ukitoka Lubumbashi, ukapita Kasumbalesa, umefika kwao. Shaba yao na shaba yetu iko katika udongo moja. Wakati wao walikuwa wanabadilisha raisi kwa kura, sisi tulikuwa tungali na Mobutu, na tulibaki naye mpaka 1997, akatoka kwa bunduki. Kwa hiyo wengi kati yetu wanaangalia Zambia na kusema: wale walifaulu.

Walifaulu, ndiyo. Lakini myaka kumi haikuisha, na Chiluba yule yule alianza kutafuta manda ya tatu yenye katiba ilikataza. Na watu wenye walimubeba juu ya mabega mwaka 1991 walilazimika kurudi barabarani ili kumuzuia. Ilifanyika namna gani? Ju ya nini mutu mwenye alipigania demokrasia, mwenye alifungwa kwa ajili yake, alifika pale?

Sisi tunasema hivi: chama cha upinzani kikishinda, raia ameshinda nusu. Nusu ingine iko katika vyombo vyenye utawala wa zamani uliacha ndani ya ikulu: sheria za kufunga watu bila mashitaki, polisi ya kukataza mikutano, televizio ya Leta yenye inaimba jina la mukubwa, katiba yenye inaweza kukunjwa kwa kura za chama kimoja. Vyombo hivyo visipovunjwa mapema, mwenye kuingia atavitumia. Na mara nyingi chama chenye kimeingia hakivivunji chenyewe. Raia wenye walibaki inje njo wanalazimisha vivunjwe. Historia ya Zambia inaonyesha jambo hili hatua kwa hatua, kwa hiyo tuifuate pole pole.

Ilianza na bunga

Kuna watu wanapenda kusema kama demokrasia ya Afrika ililetwa na wazungu nyuma ya ukuta wa Berlin kuanguka. Upepo ule ulisaidia, hatukatai. Lakini Zambia ilianza na bunga ya mahindi.

Tangu mwisho wa mwaka 1972, chama kilikuwa kimoja tu, UNIP ya Kaunda, sawa vile kwetu kulikuwa MPR tu. Katikati ya myaka ya 70 bei ya shaba ilianguka kwenye soko ya dunia. Inchi iliishi kwa shaba. Leta ikaanza kukopa, deni ikapanda, na wenye kukopesha wakadai Leta iache kusaidia bei ya bunga. Mwezi wa kumi na mbili 1986 bei ilipandishwa. Watu wa miji ya migodi walitoka barabarani, na karibu watu 15 walikufa. Leta ikarudi nyuma. Mwezi wa sita 1990 bei ilipanda tena, zaidi ya mara mbili. Wanafunzi wa iniversite ya Lusaka walitoka, kartie zikafuata, na watu zaidi ya 20 walikufa.

Siku chache nyuma, asubuhi ya tarehe 30 mwezi wa sita, liutena moja wa jeshi, Mwamba Luchembe, aliingia kwenye radio na kutangaza kama amemutosha Kaunda. Alikamatwa nyuma ya saa chache. Lakini katika saa hizo chache watu walikuwa wametoka wakicheza barabarani. Nyuma ya pale hakuna mutu tena mwenye angeweza kusema kama Kaunda anapendwa na inchi yote. Yeye mwenyewe aliona.

Mwezi wa saba 1990, watu walikutana katika hoteli moja ya Lusaka inaitwa Garden House. Kulikuwa watu wa sendika, maavoka, wafanya biashara, walimu wa iniversite, na mawaziri wa zamani wenye walikuwa wamegombana na Kaunda. Pale njo MMD ilizaliwa, mwanzo kama mwendo wa kudai vyama vingi, nyuma kama chama. Neno lao lilikuwa fupi: saa imefika.

Nguvu yao ilitoka wapi? Ilitoka kwa sendika. Muungano wa sendika, ZCTU, ulikuwa na watu katika kila muji wa migodi: Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira. Chiluba aliuongoza tangu 1974. UNIP ilikuwa na magari na franga ya Leta. Lakini sendika ilikuwa na wafanya kazi wenye walijuana, wenye walikuwa wamezoea kukutana, kutoa muchango, kugoma pamoja. Chama kipya hakikuanza na sifuri. Kilikuta nyumba imekwisha kujengwa na raia.

Kaunda alisema kwanza inchi ifanye referandumu juu ya vyama vingi. Akasogeza tarehe. Mwishowe akaona hapana njia, akaiacha, na mwezi wa kumi na mbili 1990 sheria ya chama kimoja iliondolewa. Mwaka 1991, wakati Kaunda na Chiluba waligombana juu ya katiba mupya, makanisa ndiyo yaliwaita wakakaa meza moja katika katedrali ya Anglikana ya Lusaka. Katiba yenye ilitoka mwezi wa nane 1991 ilisema: raisi ana manda mbili tu za myaka tano. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Wote walikubaliana juu ya jambo moja tu

MMD ilishinda kwa sababu iliunganisha kila mutu. Mufanya kazi mwenye alitaka mushahara, tajiri mwenye alitaka Leta iuze kompani zake, kijana mwenye alitaka uhuru wa kusema, waziri wa zamani mwenye alitaka kurudi kitini: wote walikuwa na lengo moja, Kaunda atoke. Nyuma ya pale, kila mutu alikuwa na mupango wake.

Tunajua namna hiyo. «Atoke kwanza, mengine tutaona.» Ni neno tamu wakati wa mapambano. Lakini siku ya kwanza nyuma ya ushindi, lengo limekwisha, na mwenye kubaki na mupango ni mwenye kukaa ikulu.

Tuangalie vyombo kimoja kimoja.

Cha kwanza, hali ya dharura. Zambia ilikuwa inaishi chini ya hali ya dharura tangu 1964. Kaunda hakuiondoa hata siku moja. Iliruhusu mutu kufungwa bila kupelekwa mbele ya juji. Mwaka 1981, Chiluba mwenyewe na viongozi wenzake wa sendika walifungwa kwa njia hiyo. Alipoingia ikulu, aliiondoa, na watu walifurahi. Lakini sheria yenye ilimupa raisi nguvu ya kuirudisha ilibaki katika kitabu. Mwezi wa tatu 1993, serikali ilisema imekamata karatasi ya siri ya watu wa UNIP yenye kuitwa «Zero Option», mupango wa kufanya inchi isitawalike. Hali ya dharura ikarudi. Wapinzani wakafungwa bila mashitaki, akiwemo mutoto wa Kaunda. Ilidumu karibu miezi mitatu tu, lakini kila mutu alielewa. Mwenye alilala gerezani kwa sheria ile alikuwa amepata nafasi ya kuivunja, na aliiweka kwenye kabati.

Cha pili, sheria ya mikutano. Sheria hiyo wakoloni wa Kiingereza waliiandika katika myaka ya 50, ili watu weusi waombe ruhusa kwa polisi mbele ya kukutana. Kaunda aliiacha. Chiluba aliiacha. Mwaka 1996, Tribinali ya juu ya Zambia ilisema kama kulazimisha watu kuomba ruhusa ni kinyume cha katiba. Bunge likaigeuza, ruhusa ikawa «kujulisha polisi», na polisi wakaendelea kusema hapana. Ni mukoloni njo aliiandika, lakini weusi watatu, wanne, watano walioshika madaraka nyuma yake waliitumia.

Cha tatu, habari. Televizio na magazeti ya Leta vilibaki mukononi mwa serikali. Gazeti moja la kujitegemea, The Post, lilizaliwa mwaka 1991 katika ule moto wa mabadiliko. Mwezi wa pili 1996, gazeti hilo liliandika kama serikali inapanga kwa siri referandumu juu ya katiba. Raisi akaharamisha toleo lile, mpaka kwenye intaneti. Wakati huo intaneti ilikuwa ingali kitu kipya kabisa Afrika!

Cha nne, na hapa sisi Wakongomani tufungue masikio: katiba. Mwaka 1996, Kaunda alitaka kurudi kugombea. MMD, na wingi wake bungeni, iliandika katika katiba kama raisi lazima azaliwe na baba na mama wenye wote ni Wazambia wa kuzaliwa. Wazazi wa Kaunda walitoka Malawi ya leo. Kwa mustari moja, mutu mwenye aliongoza inchi myaka 27 alifungiwa mulango. UNIP ikasusia uchaguzi, na Chiluba akashinda bila shida. Mwaka 1999 juji moja alifikia hata kusema kama Kaunda hana uraia wa Zambia. Baba wa uhuru, kwao si kwao!

Lakini mutego haukuchagua nyama. Wapinzani walikwenda tribinali wakidai kama baba wa Chiluba mwenyewe alitoka kwetu, Kongo. Tribinali ya juu ilikataa mashitaki mwaka 1998. Hata hivyo inchi ilikuwa imepoteza myaka ikichunguza makaburi ya babu za watu, wakati dawa ilikosekana hospitali.

Nani hapa kwetu hasikii harufu ya jambo hilo? Mwaka 2021, pendekezo la Noël Tshiani la «baba na mama» lilifika katika bunge yetu ya Kinshasa. Wenye walilitunga wanasema ni kulinda inchi. Zambia ilisema vile vile. Jiulizeni kila mara: sheria hii inamulenga nani, na mwaka gani kuna uchaguzi?

Na tumbo je?

Tusidanganyane kama kila kitu kilikuwa mubaya. Maduka yalijaa tena vitu. Watu waliongea bila kuangalia nyuma. Magazeti yaliongezeka. Ukiuliza mama wa soko wa Lusaka, angekuambia kama mustari wa kutafuta sabuni ulikwisha.

Lakini serikali ya mutu wa sendika njo iliondoa musaada wa bunga, jambo lile lile lenye lilimwangusha Kaunda. Safari hii watu hawakuchoma kitu, kwa sababu serikali ilikuwa ya kwao. Kompani za Leta zaidi ya 200 ziliuzwa ao kufungwa. Kompani ya ndege, Zambia Airways, ilikufa mwisho wa 1994. Watu elfu na elfu walirudi nyumbani bila kazi. Na kwa sababu mauzo yalifanyika haraka, bila macho mengi, wakubwa na marafiki zao walipata fasi ya kula.

Kwa kawaida nani angelia? Sendika. Lakini viongozi wake wakubwa walikuwa wamepanda pamoja na chama. Chiluba alikuwa raisi. Katibu wake mukuu wa zamani katika sendika, Newstead Zimba, alikuwa waziri. Mufanya kazi mwenye alifukuzwa angepiga mulango wa nani? Mwaka 1994, sendika ya wafanya kazi wa migodi na zingine zilitoka katika ZCTU. Nyumba ile yenye ilimutosha Kaunda ilipasuka katikati.

Hapa tunaweka kidole. Ubaya haukuwa kwamba watu wa sendika waliingia serikalini. Mutu ana haki ya kugombea. Ubaya ni kwamba sendika yenyewe ilibebwa pamoja nao. Ilitoa viongozi wake, jina lake na sauti yake, na haikubakisha mulinzi mulangoni.

Wenye waliokoa inchi hawakuwa chama

Turudi sasa kwa lile neno la katiba: manda mbili. Manda za Chiluba zilikuwa zinaisha mwaka 2001. Kidogo kidogo «wananchi» walianza kumuomba abaki. Wakubwa wa mikoa walisema hakuna mwingine. Yeye mwenyewe alinyamaza, na ukimya wake uliongea. Kwetu tunajua muziki huo, tulicheza nao mwaka 2015 na 2016, wakati uchaguzi ulisogezwa na vijana wakafa barabarani kwa kusema hapana.

Mwezi wa pili 2001, maavoka wa Zambia, mashirika ya wanamama na makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, walikutana Lusaka katika restora inaitwa Oasis. Wakajiita Oasis Forum. Hawakuanzisha chama wala kutafuta viti. Walisema jambo moja: katiba imesema manda mbili, basi ni manda mbili. Watu walivaa utepe wa kijani. Siku ya ijumaa, magari yalipiga klaksoni muji wote. Mutu mwenye aliogopa kuandamana hakuogopa kupiga klaksoni, kwa sababu polisi hawezi kukamata klaksoni zote.

Na pale njo ilionekana kama ndani ya chama kulikuwa watu. Makamu wa raisi, Christon Tembo, na mawaziri wengine walikataa. Wadepite wengi wa MMD yenyewe waliweka sahihi ya kupinga. Chama kikawafukuza. Mwisho wa mwezi wa ine, mukutano mukubwa wa MMD katika muji wa Kabwe uligeuza sheria za chama ili Chiluba aweze kugombea tena. Siku chache nyuma, tarehe 4 mwezi wa tano 2001, alisimama mbele ya televizio na kusema ataondoka.

Wale wadepite walipata ujasiri wapi? Wengine walikuwa na moyo, wengine walikuwa na hesabu zao. Lakini wote walisikia klaksoni. Wadepite bila barabara wangeogopa. Barabara bila wadepite ingekuwa na kazi ndefu zaidi. Chiluba alikuwa na wingi, alikuwa na franga, alikuwa na polisi. Kitu kimoja hakuwa nacho: kanisa, avoka na mama wa soko hawakuwa mukononi mwake.

Nyuma ya pale, Levy Mwanawasa wa MMD alishinda kwa shida, karibu kura 29 kwa 100. Mwaka 2002 bunge ilimutosha Chiluba ulinzi wa raisi wa zamani. Mwaka 2007, tribinali moja ya London ilisema yeye na wenzake wanadaiwa karibu dola milioni 46 za inchi. Katika hesabu hizo kulikuwa hata nguo za boutique ya Geneva. Mwaka 2009 tribinali ya Zambia ilimuachilia katika mashitaki ya wizi. Alikufa mwaka 2011. Mwaka huo huo MMD ilishindwa na chama cha Michael Sata, na ikatoka bila vita. Mwaka 2021 chama cha Sata nacho kilishindwa na Hakainde Hichilema, mutu mwenye mwaka 2017 alifungwa miezi ine kwa mashitaki ya uhaini. Mara tatu sasa, 1991, 2011 na 2021, upinzani umeingia ikulu ya Lusaka kwa kura.

Kwa hiyo tusikubali wenye kusema «wote ni sawa, kura haina maana». Uliza watu wa Zambia kama haina maana. Mukubwa mwenye anajua anaweza kutoka, anaiba na woga. Mukubwa mwenye anajua hatatoka, anaiba na ngoma. Lakini ile sheria ya mukoloni juu ya mikutano, iliwatesa wapinzani chini ya kila serikali hizo, na kila mupinzani mwenye aliingia aliikuta bado iko pale, tayari.

Sisi je?

Chiluba yule yule njo alikuwa mwenyeji na mupatanishi wa mapatano ya Lusaka, mwezi wa saba 1999, juu ya vita vya kwetu. Kuna watu wanaishi leo kwa sababu ya meza ile. Tunalisema ili tuwe wa haki: mutu moja anaweza kufanya mema kwa jirani na kuharibu kwake. Kwa hiyo tusijenge siasa yetu juu ya wema ao ubaya wa mutu moja. Tuijenge juu ya vyombo.

Chama chenye kinaongoza Kinshasa, UDPS, kilizaliwa mwaka 1982. Watu wake walipigwa, walifungwa, walifukuziwa vijijini. Kilikaa upinzani karibu myaka 37 mbele Félix Tshisekedi kula kiapo tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019. Hakuna mutu wa haki anaweza kusahau hayo. Lakini mateso ya jana si dhamana ya kesho. Mwezi wa tano 2021, état de siège iliwekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ya siku 30. Ikaongezwa, ikaongezwa, ikaongezwa. Raia walipelekwa mbele ya tribinali za kijeshi, maandamano yakakatazwa. Mwezi wa kumi 2024, pale Kisangani, raisi alisema anataka tume ya kufikiria katiba mupya. Katiba hiyo ina kifungu cha 220, chenye kinakataza kugusa hesabu na urefu wa manda za raisi. Soma tena historia ya Zambia, kisha uniambie kama hizo si hatua zenye tumekwisha kuona.

Na tuwaambie pia wapinzani wa leo. Munatuomba tuwe nyuma yenu. Munakuja na tisheti na mziki na neno «atoke». Tutawauliza maswali, na tunataka majibu mbele ya kura, kwa maandishi:

1. Sheria gani za kufunga watu bila juji mutafuta, na katika mwezi wa ngapi nyuma ya kiapo?
2. Mikutano: mutaacha raia ajulishe tu, bila Meya kuwa na nguvu ya kukataza kila mara?
3. RTNC itakuwa ya inchi ao ya chama chenu? Nani atachagua mukubwa wake?
4. Kifungu cha 220 mutakiheshimu mukiwa na wingi bungeni, siyo tu mukiwa upinzani?
5. Migodi: mikataba yote mutaweka wazi, kila mutu asome, mbele ya kuweka sahihi?
6. Mali yenu mutatangaza lini, na nani ataichunguza?

Mwenye kujibu «tupeni nafasi kwanza, mengine tutaona», amekwisha kujibu.

Na kwako kijana mwenye unatusoma katika simu, Bukavu, Kindu, Bunia, Kalemie, Lubumbashi, tunakuomba mambo mawili.

Ukitaka kuingia chama, ingia. Inchi ina lazima ya watu wazuri ndani ya vyama. Wale wadepite wa 2001 walikuwa ndani. Lakini usiingie na kundi lako lote. Acha nyuma yako watu wenye wanaweza kukupinga, na siku watakupinga, usiwaite wasaliti.

Ukitaka kubaki inje, usibaki na kazi ya kulia tu. Jifunze katiba. Jua jina la depite wako na kura yenye alipiga. Jenga urafiki na avoka, na padri, na pasta, na imamu, na mama wa soko, na mwendesha tshukudu, mbele ya siku ya hatari kufika. Oasis Forum iliwezekana ndani ya miezi mitatu kwa sababu kanisa na wanamama na maavoka walikuwa wamejipanga myaka mingi bila kuingia katika mufuko wa chama. Mutu hawezi kuchimba kisima siku nyumba inaungua.

Watu wa Zambia walimutosha Kaunda kwa siku moja. Kuwazuia wenye walikuja nyuma yake kuwa yeye, iliwachukua myaka kumi, na kazi ile haijaisha. Sisi tuanze mapema. Kura ikija, tupige kura. Mwenye kushinda akiingia, tumupigie makofi siku moja. Kesho yake asubuhi, tuwe mulangoni na ile karatasi ya maswali sita.